Ukutubi: Taaluma Inayomhitaji Mwanafunzi wa Kiswahili

Katika maonyesho ya kazi shuleni, iwe Lugulu, Bungoma au Kitale, mwanafunzi apendaye Kiswahili aghalabu huelekezwa kwenye ualimu na uanahabari. Ukutubi, ukitajwa, huelezwa kuwa ni kazi ya kupiga mihuri na kunyamazisha wasomaji. Maelezo hayo yana kasoro.

Msingi mmoja wa ukutubi ni uainishaji, yaani kukipa kila kitabu mahali pake kulingana na maudhui yake. Katika mfumo wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi, fasihi ya Kiswahili hupewa nambari 896.392, na kilimo 630. Tuchukue mfano wa riwaya ya Shaaban Robert, *Utubora Mkulima*. Mkutubi asiyekimudu Kiswahili, akiongozwa na anwani pekee, aweza kuiweka miongoni mwa vitabu vya kilimo. Msomaji wa fasihi ataitafuta asiione, nayo itakaa rafuni bila kusomwa.

Ni dhahiri basi kwamba taaluma hii inamhitaji mwanafasihi. Mafunzo nayo hayako mbali: Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi za habari mwaka 1988. Aidha, Katiba ya Kenya ya 2010 iliorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, zikiwemo Bungoma na Trans Nzoia. Kwa hivyo, wahadhiri na wanafunzi wa Kiswahili wanapoalikwa shuleni, hawana budi kuutaja ukutubi na kuueleza ipasavyo.