Kulehemu na Kuchomelea
Yafaa sisi wanaistilahi tutenganishe vitenzi hivi viwili. Anayelehemu huyeyusha mchanganyiko wa risasi na bati, kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi. Vipande anavyoviunga haviyeyuki. Fundi wa jua kali wa Kibera au Kawangware achomeleaye dirisha huyeyusha chuma chenyewe, karibu nyuzi 1500. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Basi mabati ya paa (ambayo, licha ya jina, mengi hupakwa zinki wala si bati) yakilehemiwa, zinki haichemki. Yakichomelewa, hugeuka moshi, na auvutaye huweza kushikwa na homa saa chache baadaye. Mwanagenzi aambiwaye “lehemu” kwa kazi zote mbili hajui ni lini aikwangue zinki kwanza.