Usukani Unaojua Kuondoka

Ukimwona mpiga kayaki akiteremsha usukani, utadhani anataka kukata kona. Mara nyingi anataka kinyume chake: chombo kinyooke.

Kayaki ya baharini ni nyembamba, urefu wake mita 5 hivi na upana sentimita 55 au zaidi kidogo. Ikienda mbele huku upepo ukivuma ubavuni, maji yanayokandamizwa upande wa omo, yaani mbele, huizuia pua isiteleze. Upande wa tezi, yaani nyuma, hauna bahati hiyo. Unapita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa, kwa hiyo upepo unausukuma demani, unakoelekea upepo, na pua inageukia joshini, unakotoka upepo. Mpiga kafi hujikuta akivuta upande mmoja tu kwa saa nzima, bega likiwaka moto.

Dawa ni kuupa upande wa tezi kitu cha kushika majini. Bapa dogo linatosha, kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Tena bapa limekaa mwisho kabisa wa chombo, kama kitasa kilichowekwa mbali na bawaba za mlango.

Lakini pwani ina miamba na mchanga, hivyo usukani lazima uweze kuondoka. Kamba moja huuteremsha, nyingine huuinua na kuulaza sitahani. Hapo ndipo gharama zinapoanza. Ukiwa sitahani, bapa lake hukamata upepo mahali pabaya kuliko pote, na tezi huzidi kwenda demani. Dawa isiyotumika inachochea ugonjwa ule ule.

Ukiwa chini, swali ni urefu. Bapa fupi huachwa hewani wimbi linapoinua tezi, hasa wakati wa mawimbi ya nyuma, ambapo linahitajika zaidi. Bapa refu hubaki majini, ila linaongeza ukinzani, nao hukua upesi: mwendo ukiwa maradufu, ukinzani unakaribia mara 4. Hata mpira unaolishikilia una mtihani wake. Ukilegea, maji yanalinyanyua bapa. Ukikazwa mno, jiwe linalivunja badala ya kulisukuma juu.

Miguu nayo ina malalamiko. Nguvu ya kafi haianzii mkononi. Inaanzia kwenye unyayo unaokanyaga kitu kigumu, kisha inapanda kiunoni. Pedali zinazoteleza, zilizounganishwa na usukani kwa waya, huuondolea unyayo ukuta wake, na kila msukumo wa mguu hupindisha usukani. Ndipo kikabuniwa kikanyagio kisichosogea, chenye kibao juu cha kubonyezwa kwa vidole. Mguu umepata ukuta, lakini viungo vimeongezeka, na kila kiungo ni makazi ya chumvi na mchanga.

Waundaji wengi wa Uingereza walipendelea njia nyingine: mkuku mdogo unaoshuka kutoka kwenye kisanduku kilichojengwa ndani ya chombo. Hauna pedali wala haukamati upepo, na hushushwa kwa kiasi. Ukishushwa kidogo, pua huacha kukimbilia joshini. Ukishushwa wote, huenda ikaelekea demani. Ila kisanduku kinakula nafasi ya mizigo, na kokoto moja ya ufukweni inatosha kukiziba.

Wawindaji wa Greenland, ambao kayaki ilikuwa chombo chao cha kila siku, waliendesha zaidi kwa mwili. Mtu hukilaza chombo kwa kiuno na goti: kikilala kushoto, hupinda kulia. Baada ya bunduki kufika, baadhi yao walifunga kibao kidogo nyuma ili kayaki isigeuke wakati wa kulenga, kibao ambacho kingeweza kuvuliwa.

Kwa hiyo mwundaji mzuri huanza kwa kujiuliza: waya ukikatika katikati ya mkondo, mtu atafika? Jibu halimo kwenye bapa wala pedali. Limo kwenye umbo la chombo na kiuno cha aliyekaa ndani yake. Wahenga walishasema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.