Jembe si adhabu: tuwape mabinti kipande chao cha shamba



Miaka mingi darasani kwangu, mwanafunzi akichelewa nilimpa jembe. Alienda kulima bustani ya shule, wenzake wakiendelea na somo. Siku moja nikauliza: nani kati yenu anataka kuwa mkulima? Hakuna aliyeinua mkono. Msichana mmoja aliinama. Mama yake analima nyanya, na nyanya hizo ndizo zinamlipia minerval. Hapo nikaona kosa ni langu. Nilikuwa nimewafundisha watoto kuona haya kwa kazi inayowalisha.

Tangu hapo nimetafuta namna wengine walivyofanya, nikakuta habari ya mwalimu mwenzetu wa zamani. Anaitwa Marie Cromer, na alifundisha shule ya kijijini huko Aiken, Carolina ya Kusini, Marekani. Mwaka 1909, katika mkutano wa walimu, alisikia juu ya vikundi vya wavulana vya kulima mahindi. Akajiuliza: na wasichana je? Mwaka 1910 akaanzisha kikundi cha wasichana cha kulima nyanya.

Kila msichana alilima sehemu moja ya kumi ya eka, karibu mita 20 kwa 20. Alipanda mwenyewe, akapalilia mwenyewe, akaandika katika daftari alichotumia na alichopata. Nyanya hazikuachwa zioze: walijifunza kuzipika na kuzifunga katika makopo. Mshindi wa mwaka wa kwanza alifunga makopo zaidi ya 500, na zawadi yake ilikuwa kulipiwa masomo ya chuo.

Vikundi kama hivyo, pamoja na vingine vilivyoanza Ohio mwaka 1902, ndivyo vilizaa chama cha vijana kinachoitwa 4-H. Hizo H nne ni herufi za kwanza za maneno yao manne: kichwa, moyo, mikono na afya.

Chama kingine, FFA, kilianzishwa Kansas City mwaka 1928 kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma kilimo. Humo vijana wenyewe wanachagua raisi, mwandishi na mtunza pesa, na wanajifunza kuongoza mkutano bila ugomvi. Lakini kwa miaka mingi wasichana walikatazwa kuwa memba. Mlango ulifunguliwa mwaka 1969 tu. Mwaka 1982 msichana wa California, Jan Eberly, akachaguliwa kuwa raisi wa taifa zima. Uwezo ulikuwepo siku zote; kilichokosa ni nafasi.

Na kwetu? Binti anaamka mapema, analima, anabeba kitunga mpaka sokoni. Pesa ikirudi, si yake, na hata hesabu haonyeshwi. Minerval ikikosa, yeye ndiye wa kwanza kubaki nyumbani.

Najua mama mmoja atasema: mimi mwenyewe sina shamba, shamba ni la baba watoto. Ni kweli, na ni jambo la kuzungumza nyumbani kwa upole. Lakini tunaweza kuanza na kidogo. Mpe binti matuta mawili nyuma ya nyumba, au magunia yenye udongo ya kupandia lengalenga. Mpe daftari na kalamu. Mavuno yakitoka, aweke pesa yake mwenyewe kwa ajili ya masomo. Na vikundi vyetu vya likelemba vinaweza kuwaita mabinti waje siku ya hesabu, mmoja asome daftari mbele ya wamama.

Shuleni nimeanza. Jembe si adhabu tena. Kila anayetaka ana tuta lake. Msimu wa kwanza mvua iliharibu nyanya nyingi. Lakini mtunza pesa wetu, msichana yule aliyeinama, alisimama mbele ya wenzake na kueleza hasara yote, franga kwa franga. Safari hii hakuinama.