Goma: Kabla ya kununua kamera, angalia kwanza kazi utakayoifanya nayo

Katika miji ya Goma na Bukavu, vijana wengi wanajitafutia maisha kwa kupiga picha: ndoa, sherehe za mahari, komunyo ya kwanza, matanga, hata picha za kitambulisho. Wengine hungoja zamu yao ya likelemba ili wanunue kamera. Wakikosea kuchagua, pesa imepotea na wateja wanakwenda kwa mwingine. Ndoa hairudiwi kwa sababu picha zilitoka giza.

Swali la kwanza ni hili: utapiga picha wapi, na mwangaza wa hapo ukoje?

Kwa anayepiga picha mchana, nje, za kuweka kwenye mtandao, simu nzuri inatosha. Lakini kanisani au ukumbini jioni, simu hushindwa, maana sehemu yake inayopokea mwangaza ni ndogo sana. Hapo kamera yenye lenzi ya kubadilisha ndiyo inahitajika.

Kamera hizo ni za aina mbili: zenye kioo ndani, na zisizo na kioo. Zisizo na kioo ni nyepesi, na unaona picha itakavyotoka kabla ya kubonyeza. Ila skrini yao inakula betri haraka. Mahali umeme unakatika kila mara, hilo si jambo dogo. Zenye kioo hudumu zaidi kwa betri moja. Na kwa kuwa Canon na Nikon sasa zimeelekea kwenye aina mpya, zile za kioo zilizokwisha kutumika hupatikana kwa bei nafuu. Kwa anayeanza kazi ya ndoa, zinafaa bado.

Idadi ya megapikseli isikudanganye. Picha ya sentimita 20 kwa 25 inahitaji karibu megapikseli 7 tu ili itoke safi kwenye karatasi.

Linalobadilisha picha zaidi ni lenzi. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara 10 kuliko lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ikiwa hiyo imefika f/5.6. Afadhali kamera ya bei ndogo na lenzi hiyo, kuliko kamera ya bei kubwa peke yake.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya kuijaribu. Elekeza lenzi kwenye mwangaza uone kama haina ukungu ndani. Uliza imepiga picha ngapi. Piga chache, zitazame kwenye kompyuta. Kisha bakiza pesa ya betri ya pili na kadi ya pili, kwa sababu bibi-arusi hatangoja uende kuchaji.