Kambi za Kiangazi kwa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu: Zinafanyaje Kazi, na Sisi Tunaingia Wapi?

Naandika kutoka Dubai Silicon Oasis. Kwa wasiopajua, huku ni eneo huru la teknolojia lenye ukubwa wa kilomita za mraba 7.2. Kuna ofisi, maghorofa ya kupanga, shule na vyuo, kikiwemo RIT Dubai. Wengi wenu mmelisikia kwa sababu ya mambo ya kompyuta. Leo naomba tuziache kompyuta kidogo, tuongelee watoto.

Kila likizo ndefu ikikaribia, huku hutoka matangazo ya kambi za watoto: kuogelea, roboti, mpira, kuchora. Sasa, kati ya familia za Afrika Mashariki zinazoishi Dubai, wapo wenye mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down au kifafa. Mzazi kama huyo akisoma tangazo anajiuliza swali moja tu: mwanangu watampokea? Na akitaka mtu wa kumsaidia kutafuta habari, anawapigia simu "anko" na "anti" walioko chuoni, yaani sisi. Kwa hiyo ni vizuri tujue tunachokiongelea.

LIKIZO NI RAHA, LAKINI KWA NANI?

Kwetu kiangazi ni jua na vumbi, lakini jioni upepo unakuja na watoto wanatoka uwanjani. Huku Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40, na juu yake kuna unyevunyevu wa bahari. Shule zinafungwa kwa miezi miwili hivi. Mtoto asiye na shida atalalamika, atacheza gemu, siku zitapita.

Mtoto mwenye usonji mara nyingi siku yake imeshikiliwa na ratiba: basi lile lile, mwalimu yule yule, chakula saa ile ile. Ratiba ikikatika ghafla anaweza kukosa usingizi, kujawa na wasiwasi, hata kusahau mambo aliyokwisha kuyazoea. Mwenye mtindio wa ubongo akikaa wiki nyingi bila mazoezi, misuli inakaza na kazi ya mwaka mzima inarudi nyuma. Wakati huo baba na mama wako kazini, na bibi, shangazi na majirani wa kusaidia kulea wako ng'ambo ya bahari. Mtoto anabaki ndani ya fleti na televisheni. Huko nyumbani tumezoea kuwalaumu watu wanaowaficha watoto walemavu. Hapa mtoto anaweza kufichika bila mtu yeyote kukusudia, kwa sababu tu hana pa kwenda.

WAZO LILITOKA WAPI?

Kambi zenyewe si jambo geni. Mwaka 1962 huko Maryland, Marekani, mama mmoja aliyeitwa Eunice Kennedy Shriver, dada wa Rais John F. Kennedy, alifungua kambi ya kiangazi kwenye uwanja wa nyumba yake kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili. Dada yao, Rosemary, alikuwa na ulemavu huo. Zama zile watoto wengi wa namna hiyo walikuwa wakifungiwa kwenye taasisi. Yeye aliwaletea mpira, farasi na bwawa la kuogelea, na aliowaita kuwasaidia watoto walikuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Hapo ndipo penye somo letu: waliofanya kazi kubwa walikuwa wanafunzi kama sisi.

Kutokana na mbegu ile, Julai 1968 ilifanyika Chicago michezo ya kwanza ya Special Olympics. Machi 2019 michezo hiyo ya dunia ikafika Abu Dhabi, mwendo mfupi tu wa gari kutoka hapa, ikiwa na wanamichezo zaidi ya 7,000. Afrika Mashariki nayo haikukosa.

KAMBI NZURI INAFANYAJE KAZI?

Mimi ni mtu wa uhandisi, kwa hiyo naitazama kambi kama mtambo: kila sehemu ina kazi yake, na ukiondoa moja mengine yote yanayumba.

1. Fomu ndefu. Kabla mtoto hajaanza, kambi nzuri inauliza mengi. Anawasilianaje? Anaogopa nini? Anatumia dawa gani? Anapochoka anaonyeshaje? Kambi isiyouliza chochote isipokuwa jina na malipo, iogopeni.

2. Uwiano. Darasani mwalimu mmoja anaweza kuwa na watoto 25. Hapa wapo watoto wanaohitaji mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, na wengine mmoja kwa wawili au watatu. Ndiyo sababu kubwa ya kambi hizi kuwa ghali.

3. Ratiba ya picha. Ukutani kuna picha zilizopangwa kwa mfuatano: kuvua viatu, kuchora, kula, kucheza, kwenda nyumbani. Mtoto asiyeongea anajua kinachofuata, hofu inapungua. Ni karatasi na gundi tu, haihitaji teknolojia yoyote ya Silicon Oasis.

4. Chumba cha utulivu. Taa kali, muziki na kelele za watoto 30 zinaweza kumzidi mtoto. Lazima pawe na mahali pa kupumzika, na mtoto asipelekwe huko kama adhabu.

5. Lengo dogo. Yaani kwa wiki nne mtoto ajifunze kufunga zipu mwenyewe, au kusubiri zamu yake. Anayewaahidi wazazi kwamba atamponya mtoto usonji kwa mwezi mmoja anawaibia. Usonji si homa.

JOTO NA MAJI

Hapa msifanye mchezo. Baadhi ya dawa za kifafa, mfano topiramate, hupunguza utokaji wa jasho, hivyo mwili wa mtoto unashindwa kujipoza. Mtoto asiyeweza kusema "nina kiu" hataomba maji, lazima apewe kwa saa. Mwenye shida ya kumeza anakunywa taratibu na anahitaji muda wake. Kwa hiyo shughuli zinakuwa ndani, na za nje zinafanyika asubuhi mapema. Baada ya kila safari ya basi mtu mzima anapita kiti kwa kiti na kuhesabu watoto. Gari lililofungwa juani linaua mtoto haraka kuliko watu wanavyodhani.

Halafu mabwawa. Maghorofa mengi ya huku yana bwawa la kuogelea. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na huondoka kimya kimya bila kuaga. Ulizeni nani anasimama mlangoni na nani anasimama bwawani.

SHERIA INASEMAJE?

Falme za Kiarabu zina Sheria ya Shirikisho Na. 29 ya mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na Dubai ina yake, Na. 3 ya mwaka 2022. Tangu 2017 serikali huwaita "watu wenye azma". Sheria ya haki za mtoto ya mwaka 2016, inayojulikana kama Sheria ya Wadeema, inamlinda kila mtoto dhidi ya kutendewa vibaya au kutelekezwa, raia na mgeni sawa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 30, unasema watoto hao washiriki michezo na burudani sawa na wenzao. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009, Falme za Kiarabu 2010. Kwa hiyo kucheza ni haki, mzazi haombi fadhila. Tatizo ni kwamba haki haimlipii ada. Mara nyingi msaidizi wa mtoto hulipwa na mzazi mwenyewe, juu ya ada ya kambi. Kwa ndugu yetu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi, hapo ndipo mlango unapofungwa.

SASA SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwasaidie wazazi kuuliza maswali. Nani atampa mtoto dawa? Wafanyakazi wamefundishwa huduma ya kwanza na namna ya kumhudumia mtoto akipata degedege? Mzazi anaruhusiwa kuingia bila taarifa? Akilia siku ya kwanza mtafanyaje? Kambi nzuri haikasiriki kuulizwa.

Pili, tujitolee, lakini kwa utaratibu. Dubai kazi za kujitolea zinasimamiwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Jamii, kwa hiyo jiandikishe kwanza, usiende kienyeji. Ukikubaliwa, usibaki peke yako na mtoto mahali pasipoonekana, na usipige picha za watoto wa watu.

Tatu, tubebe ujuzi twende nao nyumbani. Kenya, Tanzania na Uganda watoto wengi wenye ulemavu husoma shule za bweni. Likizo kwao ni wakati wa kurudi kijijini ambako hata watoto wa jirani hawajui wacheze naye vipi. Kambi ya mchana ya wiki moja kwenye uwanja wa shule ya kata, yenye kivuli cha mwembe, maji safi, mwalimu mmoja wa elimu maalumu na wanafunzi 20 wa chuo waliofundishwa, haihitaji kiyoyozi wala mfadhili mkubwa. Inahitaji watu wenye muda, na likizo zetu za chuo ni ndefu.

Basi ndugu zangu, mwenye rafiki anayesomea ualimu, uuguzi au tiba ya viungo, mpeni nakala ya gazeti hili asome. Wahandisi nao wanatakiwa: kuna viti vya magurudumu vya kutengeneza na ratiba za picha za kubandika. Tukutane toleo lijalo, panapo majaliwa.