Nani Apige Simu?

Mara nyingi husemwa kwamba watu wa mjini hawana huruma. Asemaye hivyo aghalabu huwa ameona tukio la namna ifuatayo. Ni saa moja ya usiku, eneo la Namanga, Msasani, jijini Dar es Salaam. Pikipiki imegongwa na gari. Mwendeshaji ameangukia ukingoni mwa barabara na hasogei. Katika muda wa dakika mbili watu thelathini wamekwisha kusanyika. Wako wanaosikitika, wako wanaolaumu mwendo wa madereva, na wako wanaoinua simu zao kupiga picha. Dakika kumi zapita. Anapofika mtu wa thelathini na moja na kuuliza, "Polisi wamekwisha kuitwa?" wote wanatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake amepiga.

Mfano huu tumeutunga, lakini msomaji aliyepata kuishi mjini atautambua. Swali letu ni hili: je, watu wale thelathini ni wakatili? Wanasayansi wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, na jibu lao lafaa kujulikana na kila mwanafunzi, kwa sababu siku moja yeye mwenyewe huenda akawa miongoni mwa hao thelathini.

Uchunguzi huo ulichochewa na mauaji yaliyotokea New York tarehe 13 Machi 1964. Mwanamke kijana, Kitty Genovese, alichomwa kisu usiku karibu na nyumba aliyokuwa akiishi. Gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walishuhudia na hawakufanya lolote. Habari hiyo ilienea duniani kote, ikaingia hata katika vitabu vya kufundishia. Baadaye ilidhihirika kuwa ilikuwa imetiwa chumvi: wengi wa hao mashahidi walisikia sauti tu bila kuelewa kinachotokea, na jirani mmoja alishuka akampakata majeruhi. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba taarifa yake ilikuwa na kasoro. Kadhalika yafaa kukumbuka kwamba wakati ule Marekani haikuwa na namba moja ya dharura. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, mwezi Februari 1968.

Basi habari ilikuwa na walakini, lakini swali lililoizaa lilikuwa la kweli. Wanasaikolojia wawili, Bibb Latané na John Darley, waliamua kulipima kwa majaribio, wakayachapisha matokeo yao mwaka 1968. Katika jaribio moja, wanafunzi wa chuo kikuu waliwekwa chumbani wajaze fomu, na moshi ukaanza kupenyezwa ukutani. Kati ya wanafunzi 24 waliokuwa peke yao, 18 walitoka kutoa taarifa, yaani robo tatu. Kisha wanafunzi wengine waliwekwa watatu watatu, vikundi vinane.

Hapa mwalimu wa hisabati anaweza kusimama kidogo. Ikiwa kila mtu ana uwezekano wa robo tatu wa kutoa taarifa, na ikiwa kila mtu anaamua bila kujali wenzake, uwezekano wa wote watatu kunyamaza ni robo mara robo mara robo, yaani moja ya sitini na nne. Kwa hiyo tungetazamia karibu vikundi vyote vinane vitoe taarifa. Lakini ni vikundi vitatu tu vilivyofanya hivyo! Wengine waliendelea kujaza fomu huku wakipunga moshi mbele ya nyuso zao. Tofauti kati ya hesabu na matokeo yatuonyesha kwamba watu hao hawakuwa wakiamua kila mtu peke yake. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akamwona ametulia, akahitimisha kwamba hapana hatari. Wala hakujua kuwa mwenzake naye alikuwa akimtazama yeye.

Jaribio jingine lilionyesha sababu ya pili. Mwanafunzi alimsikia mwenzake, kwa njia ya vipaza sauti, akishikwa na kifafa chumba cha pili. Waliodhani kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla sauti haijakoma. Waliodhani kuwa wako wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Na jambo lenye maana zaidi kuliko tarakimu hizo ni hili: wale ambao hawakutoka hawakuwa wametulia. Wengi walikutwa wakitetemeka, viganja vimelowa jasho, wakauliza kama yule mgonjwa ni salama. Huruma walikuwa nayo. Walichokosa ni uhakika kwamba kazi ile ni yao. Wajibu ambao ungemwelemea mtu mmoja ulikuwa umegawanywa, na fungu la kila mmoja likawa dogo mno hata lisiweze kumwinua kitini.

Lakini yasidhaniwe kuwa umati daima ni balaa. Mwaka 2019 watafiti walitoa uchunguzi wa picha za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster ya Uingereza, na Cape Town. Walitazama ugomvi 219 wa kweli kati ya watu hadharani. Katika matukio tisa kati ya kila kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana msaidizi ulivyoongezeka. Ugomvi wa wazi hauachi shaka kama moshi unaopenya polepole. Hatari inapoeleweka, watu huamka.

Wazee wetu walilifahamu jambo hilo pasipo maabara. Yowe la kijijini ni chombo cha dharura kilichobuniwa kwa akili: mlio wake haufanani na mlio mwingine wowote, na kila aliyeusikia alijua kwamba anaitwa yeye. Kwa Wasukuma mlio huo huitwa mwano, na vikundi vya ulinzi vya Sungusungu vilivyoanza mapema katika miaka ya 1980 viliutegemea sana. Haikuwapo nafasi ya mtu kusema, "Bila shaka fulani amekwenda."

Mjini, yowe limebakiwa na neno moja ambalo bado lina nguvu ileile: "Mwizi!" Litamkwe sokoni au kituoni, na katika nusu dakika watu mia watakuwa wakikimbia upande mmoja. Hapo mgeni aliye taabuni ni yule anayekimbizwa, awe ameiba au hakuiba. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za miaka ya 2010, kiliorodhesha mamia ya watu waliouawa kwa mwaka na makundi yaliyojichukulia sheria mkononi. Katika makundi hayo wamo wasiopenda yanayotendeka, lakini wanawatazama wenzao, wanaona nyuso za hasira, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mwenye shaka. Ni kisa kilekile cha moshi. Mtu anayejitenga hatua hamsini na kupiga 112 hahitaji kupambana na mtu yeyote, na yawezekana akawa ndiye aliyeokoa maisha.

Zipo sababu nyingine zinazozuia simu isipigwe hapa kwetu, ambazo hazimo katika vitabu vya New York. Ya kwanza ni hofu ya kuhojiwa na polisi, hofu ambayo wengi huihusisha na fomu ya PF3 inayotakiwa kwa majeruhi. Viongozi wa serikali wamesema mara nyingi kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate baadaye. Lakini habari hiyo haijawafikia wote wanaosimama kandokando ya barabara. Ya pili ni kutozijua namba. Polisi ni 112; Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114; na 115 ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu hizo hazilipiwi. Wanafunzi wanaopiga 114 kwa mzaha wanaishikilia laini ambayo huenda wakati uleule inatafutwa na mtu ambaye nyumba yake inaungua. Huko London, mwaka 1935, jirani alipiga simu kuhusu nyumba iliyokuwa ikiungua katika mtaa wa Wimpole, akawekwa kusubiri pamoja na wapigaji wa kawaida. Wanawake watano walikufa, na kutokana na msiba huo namba ya 999 ilianzishwa mwaka 1937.

Ya tatu, nayo pengine ndiyo ngumu kuliko zote, ni kueleza mahali. Mwenyeji wa Bonde la Mpunga au Makangira humwelekeza mgeni kwa mwembe, duka na msikiti. Askari aliye mezani hauoni mwembe huo. Tangu kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao chenye namba na jina la barabara. Anayepiga simu asome kibao kilicho karibu naye.

Kuita msaada si sawa na kusogea. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalizunguka kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi mia moja. Kwa upande mwingine, tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi, na watu 24 walisalimika. Wavuvi walikuwa na mitumbwi na walijua maji. Huko Kampala, mwaka 2008, polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa wapatao 307 walifundishwa huduma ya kwanza, kwa sababu hao ndio wanaofika kabla ya daktari. Ajuaye la kufanya huona kwamba kazi ni yake.

Kwa hiyo anayejikuta katika umati asiseme, "Jamani, mtu apige simu." Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Aseme, "Kaka mwenye shati la bluu, piga 112 sasa hivi, uniambie wamejibu nini. Dada, simama pale uyazuie magari." Jukumu lililogawanywa kwa watu thelathini hurudi kwa mtu mmoja mwenye shati la bluu, naye atapiga.

Walimu wanaweza kulifanyia zoezi jambo hili bila kumdanganya wala kumtisha mtu. Mwanafunzi mmoja atoke hadi mahali asipopajua sana karibu na shule. Arudi, kisha aketi ameupa mgongo ubao, naye mwenzake acheze nafasi ya askari wa zamu asiyelijua eneo hilo. Katika nusu dakika aeleze: nini kimetokea, wapi hasa, wameumia wangapi, wanapumua au la. Askari achore ramani ubaoni kwa maelezo hayo tu. Kisha darasa zima lifuate ramani hiyo kwa miguu, lione litafika wapi.