Wanga, Mikunde na Sukari ya Damu

Jina "ugonjwa wa sukari" limekwisha kuzoeleka, wala halina kosa la sarufi. Ila laweza kumpoteza msikilizaji. Mtu wa Bukoba au Muleba aambiwapo kuwa ana sukari, huweza kuacha sukari ya chai, kisha akala sahani tele ya ndizi za kupika bila wasiwasi, maana hazina utamu mdomoni. Hapana budi basi kutenganisha sukari ya dukani na sukari ya damu, yaani glukosi. Ndizi hizo, kama ulivyo ugali, ni chakula cha wanga, na wanga ukimeng'enywa hugeuka glukosi.

Hata hivyo, huko Kagera si desturi kula wanga peke yake. Katika kibanja cha Wahaya migomba huoteshwa pamoja na mibuni na maharage, na chungu nacho hufuata kibanja: ebitoke hupikwa pamoja na ebihimba, yaani maharage. Mapishi hayo yana faida. Wanga wa maharage umefungwa ndani ya kuta za seli, hata vimeng'enya huufikia polepole. Kadhalika protini na nyuzilishe zake huchelewesha chakula kutoka tumboni. Hivyo glukosi huingia damuni kidogo kidogo. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walitangaza vipimo vya vyakula 62 vilivyolinganishwa na glukosi tupu, ambayo ilipewa alama 100. Mbegu kavu za mikunde zilipata wastani wa 31. Lakini yafaa maharage yachukue nafasi ya baadhi ya ndizi. Yakirundikwa juu ya sahani iliyokwisha jaa, jumla ya wanga huongezeka.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. "Mikunde" ni istilahi nzuri, mradi mwalimu aeleze kuwa kunde zimeupa jina ukoo mzima, wakiwemo maharage, choroko, mbaazi na njugumawe. "Makapimlo" haituridhishi: makapi ni kitu cha kupepetwa na kutupwa, hali hapa ndicho kinachotakiwa kibaki chunguni. "Nyuzilishe" ni bora zaidi. Na kile kipimo cha Jenkins twapendekeza kiitwe "kima cha upandishaji sukari". Ni kirefu kidogo, lakini muuguzi ataweza kumweleza mgonjwa bila kufungua kamusi.